Kovu Linalokua: Usilikate Ovyo, Shosti!

Leo tuongelee ule uvimbe mgumu unaoota sikioni baada ya kutoboa, au kifuani palipokuwa na chunusi tu. Ndiyo keloidi hiyo. Wapo kina dada wanaojitanda mtandio hadi chumbani ili mume asilione. Wapo na kaka zetu wanaofuga ndevu kuficha la kidevuni.

Kwanza ujue linatoka wapi. Ukiumia, mwili huita mafundi. Baadhi ni wenyeji wa ngozi, wengine huja na damu. Hawa wa damu wanaitwa fibrosaiti. Asili yao ni uboho wa mifupa, na ni wachache mno: hawafiki hata 1 kwenye kila chembe nyeupe 100 za damu. Richard Bucala na wenzake, huko Marekani, ndio waliowaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Wakifika kidondani huanza kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi, na kuwaita wenzao waje kusaidia.

Kwa kawaida kidonda kikifunga, kazi husimama. Kwenye keloidi haisimami. Mafundi wanazidi kujenga mpaka kovu linavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio linatuandama zaidi, na huweza kurithiwa. Siyo uchafu, siyo kurogwa, wala haliambukizi, kwa hiyo shemeji hana sababu ya kukukimbia!

Sasa hapa ndipo wengi wanapoumia. Kulikata mtaani, kulifunga uzi au kulichoma kwa madawa ya ajabu ni kufungua kidonda kipya, na mafundi wanaitwa upya. Likirudi, laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Hata hospitalini, upasuaji peke yake mara nyingi hautoshi. Daktari wa ngozi anaweza kuongeza sindano za steroidi ndani ya kovu, hereni za kubana, au mionzi. Wahi likiwa bado dogo.

Na kama kwenu lipo, fikiria mara mbili kabla ya kutoboa tundu la pili au kuchora tatuu. Mwenzio naye mwambie ukweli. Anayekupenda atakusindikiza kliniki.

Tukutane mwezi ujao!