"Moyo juu juu" si presha kila mara

Chukua mfano wa mama muuza vitambaa wa Mlandege. Amefika kituo cha afya, anaulizwa anaumwa nini. "Moyo wangu uko juu juu, kichwa kinawaka, usingizi sipati." Anapimwa presha, iko sawa. Anapimwa malaria, hana. Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi dukani. Baada ya mwezi yupo tena, na maneno ni yale yale. Hakuna aliyemuuliza hali yake tangu atoke eda.

Mama huyo hakuficha kitu. Alieleza huzuni kwa maneno ya pwani. Watu wengi hawasemi "nina sonona". Husema moyo, roho, kichwa, mwili mzito. Asiyezoea maneno hayo hutafuta ugonjwa kifuani, kumbe uko kwenye fikra.

Lipo na kosa la pili. Kijana akisema marehemu bibi yake humjia usiku na kumsemesha, au jini la ukoo linadai ubani, daktari mgeni anaweza kuandika wazimu. Lakini Unguja watu wengi wenye akili timamu husema hivyo. Kipimo ni jamaa wenyewe: wanaliona jambo la kawaida, au wanasema "huyu siye tuliyemzoea"? Akiacha kuoga, akihisi ndugu zake wanamtilia sumu, akibishana mchana kutwa na asiyeonekana, hapo hospitali isingoje.

Tatizo hili si la Zanzibar tu. Watu wa Puerto Rico wana mshituko wa kulia, kutetemeka na kupiga kelele baada ya msiba au ugomvi mkubwa, wanaouita "ataque de nervios". Zamani madaktari wa jeshi la Marekani waliuita "ugonjwa wa Puerto Rico", kana kwamba kosa ni la watu wenyewe. Washona wa Zimbabwe wana "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi, na Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyaweka majina yote mawili katika toleo jipya la kitabu chake cha kutambua maradhi, pamoja na maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa kuhusu mila na fikra zake.

Je, imani ya majini ni adui wa tiba? Juli McGruder, mtafiti wa Kimarekani, alikaa Zanzibar miaka ya 1990 na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Aliona kuwa kumsingizia shetani kulimpunguzia mgonjwa lawama. Akitulia, alirudishiwa nafasi yake nyumbani. Hilo ni jema la kulinda. Ubaya huja pale kombe na ngoma zinapochukua miezi, na mgonjwa anafikishwa Kidongo Chekundu akiwa amefungwa kamba.

Basi familia ifanye nini? Mgonjwa aende na mtu anayelala naye nyumba moja. Aseme kama anavyosema jikoni kwake, asijitafutie jina la kitaalamu. Ielezwe hali ilianza lini na kulitokea nini: msiba, talaka, deni, uzazi. Kama amekunywa kombe au dawa za miti, isemwe bila haya, kwani baadhi ya miti hugongana na vidonge. Dua iendelee, na vidonge visikatizwe bila daktari kujua. Huzuni ikizidi wiki mbili, chakula na usingizi vikakimbia, isingojwe. Akitaja kufa, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Na daktari naye, kabla ya kushika kalamu, ana swali moja lisilo na gharama: "Mama, wewe mwenyewe ugonjwa huu unauitaje, na unadhani umetokana na nini?" Muuza vitambaa wa Mlandege angekuwa na jibu tangu siku ya kwanza.