Mbudye hawakuomba ruhusa ya kukumbuka
KUTOKA GATINI, na Ngoy Mwilambwe

Tangu Rais Félix Tshisekedi aseme kule Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba Katiba yetu ya 2006 haitufai tena, ubishi haujalala. Hata hapa Malemba-Nkulu, watu wakingoja boti huulizana neno moja tu: muhula wa tatu upo au haupo? Kifungu cha 220, kinachokataza kugusa idadi ya mihula ya Rais, sasa kinajulikana kwa namba hata na wasiojua Katiba ina kurasa ngapi. Mimi naomba turudi nyuma kidogo, kwenye vifungu vya 197 na 198, maana huko ndiko shauri letu sisi wa Haut-Lomami lilikolala.

Wazee wetu wa Kiluba hawakuwa na Katiba ya karatasi. Walikuwa na lukasa, kibao cha mbao kinachoenea mkononi, kimejaa shanga. Mjuzi wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia shanga kwa shanga, akasimulia nani alitawala, alitoka wapi, na utawala una miiko gani. Mulopwe, yaani mfalme, mwenyewe hakukwepa: ilimpasa kuingizwa Mbudye. Aliyeshika kumbukumbu za ufalme ndiye aliyemfunda mfalme, na kwa kumbukumbu hizo hizo aliweza kumpima. Sisemi walikuwa malaika. Penye karamu ya mfalme sifa hazikosi kunenepa. Lakini hawakumwomba mulopwe ruhusa ya kukumbuka. Leo lukasa za zamani ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na sisi tumebaki na madepite.

Tuwatazame hao madepite. Bunge la Kitaifa lina viti 500, na baada ya uchaguzi wa 2018 kambi ya FCC ya Joseph Kabila ilikuwa na zaidi ya 300. Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba alitoka kambi hiyo. Tarehe 21 Oktoba 2020 Rais Tshisekedi aliwaapisha majaji watatu wapya wa Mahakama ya Katiba. Viongozi wa Bunge na Seneti wakasusia wakisema utaratibu umevunjwa. Tarehe 10 Desemba Spika Jeanine Mabunda akaangushwa. Tarehe 27 Januari 2021 ikaja zamu ya Ilunkamba: kura 367 za kumwondoa. Hakuna uchaguzi uliofanyika hapo katikati. Watu ni wale wale, viti ni vile vile, ila wengi wao walikuwa wamehamia upande wa Rais.

Kisheria hakuna kasoro: Bunge lina haki ya kuiangusha serikali kwa mosioni. Ila mimi siwezi kukiita kitendo kile kizuizi cha madaraka. Bunge linalomwangusha Waziri Mkuu ili kumwachia Rais njia nyeupe halijamzuia mtu, limemfagilia.

Sasa njoo Kamina, makao makuu ya jimbo letu. Jimbo hili lilizaliwa 2015, Katanga ilipogawanywa. Katiba inasema Bunge la Jimbo ndilo linalomchagua gavana, ndilo linalomkagua, na linaweza kumwondoa. Ni maneno mazuri. Lakini Januari 2011 vifungu vile viwili, 197 na 198, vilirekebishwa: Rais akapewa uwezo wa kulivunja Bunge la Jimbo na kumwondoa gavana pale mgogoro mzito wa kisiasa unapotishia kuzivuruga taasisi za jimbo. Na nani ataamua kwamba mgogoro umekuwa mzito? Gavana mwenye akili anajua macho yake ayaelekeze wapi, na si Malemba.

Ongeza fedha. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo ikatwe papo hapo jimboni. Haikatwi. Fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hushuka kidogo kidogo, kwa wakati wa Kinshasa. Kwa hiyo gavana anangoja Kinshasa, depite anangoja gavana, na huyo anayengoja ndiye tunayemtuma akakague. Mtu wa Mbudye alikuwa na ghala lake, yaani ujuzi ambao hakupewa na mfalme na mfalme asingeweza kumnyang'anya. Depite wetu hana ghala.

Ndiyo maana mjadala wa muhula peke yake haunitoshi. Wakitaka kuigusa Katiba, waanze kwa kufuta yale ya 2011 na kuilipa ile 40. Wakikataa hayo mawili, waiache ilivyo.

Nanyi madepite wa Jimbo mliochaguliwa Malemba-Nkulu, kikao cha bajeti kikifungwa mje likizo na nakala ya edikti ya bajeti. Hatuhitaji hotuba wala fulana. Tuisome pamoja hapa gatini, mstari kwa mstari, kidole juu ya namba.