Bunduki yako ya kwanza isiwe yako

Swali ninaloulizwa sana siku hizi si la simu wala kamera. Ni hili: "Buda, nikitaka kuanza shabaha ya mezani, ninunue bunduki gani?" Linatoka kwa wasee wa Nanyuki, wa Timau, hata wa Nyeri mjini, na wengi wamemaliza form four juzi. Wameona video za Wamarekani wameketi kwa meza ya simiti, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, risasi tano zinapita karibu tundu moja. Maze, inavutia, sitadanganya. Lakini jibu langu ni usinunue. Bunduki yako ya kwanza iwe ya klabu.

Kwa wale hawaujui mchezo: huu wanaouita benchiresti si ule wa kusimama na kulenga kama kwa filamu. Unaketi. Bunduki inashikiliwa na egemeo la mbele na mfuko wa mchanga wa nyuma, wewe kazi yako ni kusoma upepo na kubonyeza triga bila kuitikisa. Kuna mtindo wa kupima kundi la matundu, risasi tano kwa kawaida, umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine lililo mbali zaidi. Mabingwa hupata makundi yaliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya inchi kwa yadi 100. Mtindo mwingine ni wa pointi: kadi ina alama 25, risasi moja kwa kila alama, jumla 250. Kwa bunduki za .22 huwa mita 50, na kwa bunduki za upepo mita 25. Shikilia hiyo namba 25, nitairudia.

Sasa, kwa nini nasema usinunue? Kenya humiliki bunduki kwa sababu umeitamani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti, na Bodi ya Leseni za Silaha itataka kujua wewe ni nani na unaitaka ya nini. "Ya kuwinda" si jibu, uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya, hata waliokaa na leseni zao miaka na mikaka. Kama uko shule, hiyo leseni si yako leo, na hakuna vile utaizunguka. Na ile bunduki ya upepo unayoiona mtandaoni ikiuzwa kama midoli, tafadhali usiiagize kabla hujaenda kituoni kuuliza. Mzigo ukishikwa bandarini, jina lililo kwa karatasi ni lako.

Halafu kuna jambo ambalo zile video haziwezi kukwambia, kwa sababu aliyezipiga haishi hapa. Huku kwetu bunduki ina maana yake. Ukiteremka kutoka Timau kuelekea Isiolo unaingia upande ambao wizi wa mifugo kwa bunduki umeacha wajane na mayatima miaka mingi. Nanyuki kuna wanajeshi wa Uingereza, BATUK, wanaofanya mazoezi Laikipia. Lewa kuna walinzi wa wanyama wenye silaha. Mama anayeuza viazi kando ya barabara hajawahi kuona bunduki isiyo ya polisi, ya mwanajeshi, ya mlinzi ama ya mwizi. Ukisimama stejini na kasha refu mgongoni, hatafikiria kwamba unaenda kutoboa karatasi kwa utaratibu. Na polisi je? Simlaumu mtu. Nasema tu mwanamichezo wa kwanza kwa mtaa ndiye hulipia maswali ya wote.

Kuna watu wataniambia Julius Yego alijifunza mkuki kwa YouTube mpaka akawa bingwa wa dunia 2015. Kweli kabisa, na nampenda sana kwa hilo. Lakini mkuki hauhitaji bodi, na ukirusha vibaya utauokota palepale. Risasi ya .22, hiyo ndogo watu wanaidharau, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Ndiyo maana mchezo huu huanza na msimamizi, uwanja wenye ukingo wa udongo, na mtu wa kukwambia "toa bolti, simama nyuma" na wewe unatii bila kujadiliana.

Haya, tuseme umekomaa, una klabu, una cheti, na sasa unachagua. Hapa nina msimamo mkali: .22, ya bolti, mtutu mzito. Basi. Usidanganywe na bunduki kubwa za masafa marefu. Zinapiga teke, ukianza kuogopa lile teke utaanza kufumba macho kabla ya kubonyeza, na hiyo tabia kuiondoa ni kazi ya miezi. .22 haina teke la kukutisha, mtutu wake hudumu maelfu kwa maelfu ya risasi, na risasi zake ni rahisi kuliko za bunduki kubwa. CZ 457 yenye mtutu mzito ni mahali pazuri pa kuanzia. Tikka T1x pia. Anschütz ni ndoto, na ukipata iliyotumika kwa mtu aliyeitunza, usiogope umri wake. Angalia kitako upande wa chini, mbele: kiwe kipana na bapa, kisiwe cha mviringo, la sivyo kitayumba juu ya mfuko kila ukibonyeza. Triga iwe nyepesi na ikatike safi, bila kuburuta.

Ya upepo? Kwa anayeanza naipenda hata kuliko .22, mradi iwe ile inayojazwa hewa kabla, si ya springi. Ya springi inaruka mbele na nyuma kabla peleti haijatoka kwa mtutu, na juu ya mfuko wa mchanga hiyo ni vita. Wapo wanaoiweza. Wewe bado.

Kosa la wengi ni kumaliza doo yote kwa bunduki. Darubini nzuri inaweza kukugharimu sawa na bunduki yenyewe. Egemeo likiwa bovu, bunduki ya bei yoyote itatawanya. Na risasi, jamani, risasi! Aina moja, jina moja, boksi moja, lakini kundi la kiwandani tofauti, na matundu yanafunguka kama vidole. Wenye mchezo hununua kidogo kidogo za makundi tofauti, wanajaribu, wakipata lile mtutu wao unalopenda wananunua la msimu mzima. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na haina picha nzuri ya kuweka kwa status.

Kitu kidogo cha kuwafurahisha wapenda historia: risasi iliyotawala mchezo huu kwa miongo, 6mm PPC, ilitengenezwa miaka ya 1970 na daktari Louis Palmisano na Ferris Pindell. Waliitoa kwa ganda la risasi ya Kirusi ya .220, ambayo nayo ilitokana na ile ya 7.62×39. Ndiyo, ya AK-47. Ganda lenye ukoo mmoja na linalookotwa baada ya wizi wa ng'ombe ndilo linalotoboa tundu moja mara tano huko kwao. Ila hiyo PPC si ya kuanzia. Unajaza baruti mwenyewe, na mtutu wake unachoka haraka.

Timau kungefaa mchezo huu ajabu. Tuko juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, kwa hivyo upepo unaisukuma risasi kidogo kuliko Mombasa. Zile jedwali za intaneti zimepigwa kwa usawa wa bahari, zisikupotoshe. Lakini upepo wenyewe tunao! Ule unaolaza ngano upande huu, dakika moja baadaye unailaza ule mwingine. Kwa mita 50, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukitoka ubavuni unaweza kuisogeza risasi ya .22 karibu sentimita tatu, na mchezo huu unahesabu milimita. Kijana aliyekua akitazama mashamba ya ngano ana darasa ambalo wengine wanalinunua kwa vibendera vya plastiki. Na asubuhi zetu za baridi zinafanya mwendo wa sauti ushuke, kwa hivyo achana na risasi za .22 za kasi. Zinavuka mwendo wa sauti, kisha zinarudi chini yake njiani na kuanza kuyumba. Chukua za mashindano, zinazoenda polepole.

Sasa ile 25. Mita 25 ni ukumbi. Ni bohari la nafaka lililo tupu. Mchezo wa bunduki umejulikana Kenya kwa bastola, pale Kirigiti, Kiambu, na kwa watu wenye mashamba makubwa ya kujifungia. Mimi nataka kaunti za Meru, Laikipia na Nyeri zikizungumza kuhusu vijana na michezo zisiishie kwa mipira na jezi. Ukumbi mmoja, bunduki nne za upepo zilizofungiwa kwa sanduku la chuma, funguo kwa afisa, msimamizi mwenye cheti, jina lako kwa daftari kabla ya kuketi. Ukitoka, unatoka mikono mitupu. Msichana wa Timau angeanza akiwa na miaka 15 na hakuna mtu mtaani angehitaji kuogopa kasha lake, kwa sababu hangekuwa na kasha.

Kwa hivyo kama unajua bohari la urefu huo linalokaa bure kati ya Nanyuki na Timau, lenye ukuta wa mawe upande mmoja, niambie. Nina barua ya kupeleka kwa ofisi ya michezo na inahitaji anwani.