Afya Shuleni: Mguu Uliopinduka

Ni mara nyingi mtoto wa shule huletwa kwa muuguzi akichechemea, ama kwa mpira, ama kwa kutia mguu shimoni njiani. Aghalabu wenzake wamekwisha kumvuta na kumchua, au wamemwambia ajikaze. Mambo hayo yote hayafai.

Sababu ni hii. Mifupa ya mtoto hukua karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini. Mguu wa mtu mzima ukipinduka, kano ndizo ziumiazo. Lakini kwa mtoto huenda kano zikashinda, gegedu ikaumia. Gegedu hiyo ikiharibika, mfupa waweza kupinda au kuacha kukua.

Muuguzi mwenye busara haanzi na mahali panapouma. Kwanza humwuliza mtoto alivyoanguka, na kama aliweza kutembea papo hapo. Pili huitazama miguu yote miwili, apate kuilinganisha. Mguu ukiwa umepinda, au vidole vikiwa baridi au vyenye ganzi, mtoto asitembezwe hata hatua moja: mguu ufungwe gango kama ulivyo, apelekwe hospitali mara moja.

Kama sivyo, muuguzi hubonyeza polepole kwa kidole, akianzia ugokoni, kisha nyuma na nchani mwa kila jicho la mguu, la ndani na la nje, kisha kandokando ya wayo. Mwisho, ikiwa mfupa haukuuma, humtaka atembee hatua nne. Kuchechemea si neno, maadamu aukanyagia mguu.

Desturi hii yapatana na kanuni zilizotangazwa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, za kuamua ni nani anayehitaji picha ya eksirei. Basi mtoto aumwaye mfupani, au asiyeweza kwenda hatua nne, apelekwe hospitali.

Aliyeteguka tu apumzishwe, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi kwa dakika 20, kisha ufungwe bandeji isiyobana sana. Maji ya moto na kuchua visitumike siku za kwanza.

Mzazi naye apewe habari siku iyo hiyo. Juma likipita na mtoto bado hakanyagi, amrudishe kwa daktari, hata kama picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Kwani picha huonyesha mfupa, wala haionyeshi gegedu.