UCHAMBUZI: Miguu ya abiria mfupi yasahaulika katika usalama wa bodaboda

TANGU Bajeti ya mwaka 2008 ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, bodaboda imekuwa tegemeo la usafiri mijini na mashambani. Sheria ilifuata baadaye. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yaliwataka dereva na abiria wavae kofia ngumu na jaketi zinazoakisi mwanga, na pikipiki ibebe abiria mmoja pekee.

Matatu hayo huonekana kwa mbali, na ndiyo hutiliwa mkazo barabarani. Lipo la nne ambalo halitajwi sana: mahali abiria anapoweka miguu.

Vikanyagio vya abiria hutoka kiwandani vikiwa na kimo kimoja. Mtu mrefu huvifikia bila taabu. Mwanamke mfupi au mwanafunzi wa shule ya msingi hugusa kwa ncha za vidole, au miguu yake huning'inia.

Hili si suala la starehe tu. Abiria aliyekanyaga imara hujizuia kwa miguu dereva anapofunga breki. Anayening'inia huteleza na kumsukuma dereva, au huvutwa nyuma pikipiki inapoongeza kasi ghafla. Katika safari ndefu mapaja yake hufa ganzi. Baya zaidi, mguu usio na pa kutua hutafuta pa kuegemea, na karibu nao kuna ekzosi yenye moto na spoki za gurudumu. Shavu la mguu lililoungua na kisigino kilichonaswa ni majeraha ambayo madaktari wanayafahamu vyema.

Aghalabu karakana huzidisha tatizo hilo bila kukusudia. Kiti kinapoongezwa sponji ili kiwe laini, abiria huinuliwa, lakini vikanyagio husalia palepale. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kupunguza sponji hiyo.

Ya pili ni kazi ya fundi wa kuchomelea vyuma: kupandisha kikanyagio kwa kipande cha chuma chenye matundu mawili au matatu, ili kiweze kuteremshwa abiria mrefu asije akakunja magoti kupita kiasi. Kibao kipana chenye mpira hufaa kuliko kijiti, kwani hata mwenye kandambili hatelezi.

Hata hivyo, kazi hiyo ina masharti. Kikanyagio kifungwe kwenye fremu, si kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, kwa kuwa chuma hicho hupanda na kushuka katika kila shimo. Kiwe mbali na ekzosi. Kisiteremshwe mno, la sivyo kitakwaruza barabara pikipiki inapolala kwenye kona.

India, inakotoka sehemu kubwa ya pikipiki za bodaboda nchini, imeliweka jambo hili katika sheria. Kanuni zake za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki ya kubeba abiria iwe na kishikio, kikanyagio, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo zisinaswe. Kinga hiyo ikiondolewa huku ili kupisha keria, abiria hupokonywa ulinzi ambao mtengenezaji alilazimika kuutoa.

Nani agharamie? Madereva wengi si wamiliki. Jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Dereva wa aina hiyo hawezi kutarajiwa kutoboa mfuko wake kwa ajili ya chombo kisicho chake. Jukumu ni la mwenye mali kwanza, kisha vyama vya bodaboda, ambavyo vinaweza kuafikiana na mafundi kuhusu kipimo kimoja salama. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) ina uwezo wa kuelekeza ukaguzi chini ya kiti, si kichwani pekee.

Mzazi naye asisubiri agizo. Kabla ya kumwachilia mwanawe asubuhi, na atazame nyayo zake. Zisipofika kwenye kikanyagio, mtoto huyo bado hajaketi salama, hata akiwa amevaa kofia.