Watuulize kabla ya kupanga utafiti

Wapendwa, tukumbuke Beni na Butembo. Novemba 2018, Ebola ikiendelea kuua, serikali yetu kupitia INRB, taasisi ya utafiti ya Profesa Muyembe huko Kinshasa, ilianza kujaribu dawa nne pamoja na Wamarekani. Wagonjwa 681 waliingia katika majaribio hayo. Agosti 2019 dawa mbili zilionekana kuokoa wengi zaidi, na moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Wagonjwa au jamaa zao waliombwa ruhusa. Lakini swali la utafiti lilikuwa limekwisha kuchaguliwa. Watu walipouliza kwa nini magari yote ni ya Ebola, wakati malaria inazika watoto na surua imeua zaidi ya 6,000 nchini kufikia Januari 2020, waliitwa wakaidi. Sisi wachungaji tuliombwa kuwatuliza, tukawatuliza. Hapo tulikosa: tulipeleka ujumbe kwao, wa kwao hatukuurudisha.

Dharura ina haraka yake, hatukatai. Mpango wa miaka mitano hauna haraka hiyo. Kabla haujaandikwa, serikali iwasikilize akina mama, wauguzi wa vijijini na waliopona. Nasi tusingoje kuitwa. Kila parokia iandike magonjwa matatu yanayoizika zaidi, impelekee mganga mkuu wa eneo la afya, na ibaki na nakala yenye muhuri wake.