Kabla hujalipia kitanda, kipindue!

Mwezi huu tunaingia chumbani, ila siyo kwa hayo unayoyawaza. Nazungumzia kitanda chenyewe: mbao, misumari na gundi.

Kwa wachumba wengi wa Kasulu na Kibondo, kitanda ndiyo kitu cha kwanza kikubwa kununua pamoja, kabla ya sofa, kabla ya friji. Na ukisema kitanda cha maana, watu wanaelewa mninga. Mti huu unaota kwenye misitu ya miombo, ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mafundi wanaupenda kwa kuwa mbao zake hazijipindi hovyo zikikauka. Sifa yake kubwa ni kwamba hauozi upesi. Hapo sasa ndipo watu wanapoingizwa mjini.

Kinachoishinda kuvu ni kiini, ile sehemu ya kahawia ya ndani. Mbao ya pembeni iliyokuwa karibu na gome, nyeupe-njano hivi, haina kinga hiyo. Kuvu inaila kama mbao yoyote ya bei poa. Fundi mjanja hakitupi kipande hicho. Anakificha kwenye chaga au upande wa ndani, anapaka rangi ya kahawia na vanishi, kitanda kinang'aa ile mbaya!

Kwa hiyo usikitazame kitanda usoni. Kipindue, washa tochi ya simu, anzia chini ya miguu. Kuvu haifanyi kazi bila maji. Mbao ikikauka mpaka unyevu ukawa chini ya asilimia 20, haiozi. Lakini huku milimani mvua zikishaanza mwishoni mwa mwaka ni mpaka Aprili au Mei, na vitanda vingi vinasubiri wateja nje, miguu kwenye tope, turubai juu.

Bonyeza kwa ncha ya ufunguo. Mbao nzima inagoma, iliyooza inabonyea. Ukiweza, banua kijibanzi kidogo mahali pasipoonekana: kwenye mbao nzima kinachanika kirefu chenye nyuzi, kwenye iliyooza kinakatika kifupi kama biskuti. Nusa pia. Harufu ya uyoga siyo harufu ya vanishi, hata fundi aseme nini.

Usiogope kila doa, lakini. Weusi wa bluu-bluu kwenye mbao nyeupe ni kuvu pia, ila hiyo inatia rangi tu, haivunji nguvu. Inakuambia kwamba mbao ilikaa na maji muda mrefu, basi kagua jirani zake vizuri. Na vitundu vyenye unga laini ni kazi ya bungua, wadudu hao, tiba yake nyingine.

Kuna wachumba niliwasindikiza Kasulu, dada muuguzi na kaka mwalimu wa Kibondo. Walikuwa wamejinyima miezi saba, na harusi ilibaki wiki mbili. Kaka alipobonyeza mguu mmoja, ufunguo ukazama. Dada akamvuta pembeni: "Tuchukue tu, mama yako anakuja, atalala wapi?" Kaka akanuna, akasema hela ile hairudi mara mbili. Nilidhani harusi inavunjikia pale pale uani kwa seremala! Mimi nilikuwa upande wa kaka, ingawa dada hakukosea: aibu ya kumpokea mama mkwe kwenye nyumba isiyo na kitanda siyo ndogo. Wakamwambia fundi abadilishe miguu yote minne, waone mbao mbichi kwanza. Harusi ikapita, wakalala wiki tatu kwenye godoro chini, mama mkwe akapewa kitanda cha kuazima kwa jirani.

Ninyi mnaoagiza, pangeni malipo hivi: kitangulizi siku ya kuagiza, salio siku mtakapokiona kitanda kitupu, kimepigwa msasa, hakijaguswa na vanishi. Nendeni wawili, mmoja apige stori na fundi huku mwenzake yuko chini na tochi. Fundi mwenye mbao nzuri huwa anakipindua mwenyewe kabla hujamwomba.